Anayehesabu Matone

Matone ishirini ni mililita moja. Ndivyo mipira ya dripu inayotumika katika wodi zetu nyingi ilivyotengenezwa, na muuguzi wa zamu ya usiku analijua hilo bila kufungua kitabu. Amesimama kando ya kitanda, ameinua mkono wa kushoto hadi saa yake ikalingana na kile kichupa cha plastiki ambamo tone huonekana likijaa, likining'inia, likaachia. Midomo inacheza bila sauti. Robo dakika ikipita anazidisha kwa nne kichwani, anasogeza kigurudumu kwa kidole gumba, anaanza upya. Nje, ukungu wa Kasulu umeshuka hadi kwenye paa, na baridi imeingia, ile baridi ya milimani inayowashangaza wageni waliodhani Kigoma yote ni joto la ziwani na harufu ya dagaa. Mama wa mtoto amejitanda vitenge viwili, amesinzia akiwa ameketi. Sote tuliokuwamo tulikuwa na jukumu la kumtazama mtoto. Mimi nilijikuta namtazama anayehesabu, na swali lililonijia usiku ule sijalimaliza hadi leo. Kwenye hesabu ile kuna elimu kiasi gani, na elimu hiyo inakaa wapi ndani ya mtu aliyeamka tangu alfajiri?

Nianze na maji yenyewe. Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao walijaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, mahali ambapo gari lilikuwa halifiki na njia ya kutokea ilikuwa ziwa. Walikuwa makumi ya maelfu pale ufukweni, wakinywa maji yaleyale waliyofulia. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na iliyowafaa watu wa ziwa hili kwa miongo mingi, ikawa inakwenda na kurudi ikiwabeba hadi Kigoma mjini. Huko walipumzishwa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapandisha milimani hadi kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, iliyokuwa ikiwahifadhi Wakongo tangu 1996. Kipindupindu kilisafiri nao. Kabla ya Mei kwisha wagonjwa walifika 3,000, na waliokufa walipita 30. Hesabu hiyo inauma, lakini ndani yake mna ushindi ambao watu hawakuusherehekea. Kipindupindu kikiachwa bila tiba kinaweza kuua nusu ya wale kilichowashika vibaya. Kikitibiwa sawasawa hakiui zaidi ya mmoja katika mia. Kilichosimama kati ya nusu na mmoja ni maji, chumvi, sukari, na mtu anayejua kuhesabu.

Kanuni ya tiba hiyo inatisha kwa ukarimu. Aliyekaukiwa kabisa hupewa mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, 30 katika nusu saa ya kwanza, 70 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Mtu wa kilo 60 anaingiziwa lita sita ndani ya saa tatu. Mtoto asiyetimiza mwaka hupewa kiasi hicho hicho kwa kilo, ila polepole, saa sita. Pale Kagunga analetwa mtoto amebebwa kwa khanga, macho yamezama, ngozi ukiifinya inabaki imesimama, mapigo ya mkono hayashikiki. Jua likisogea kidogo ameketi na anauliza wenzake wako wapi. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu anauomba mwenyewe. Waliofanya kazi katika mahema yale ya kipindupindu wanakwambia hakuna tiba inayompa mganga furaha ya haraka kama hiyo.

Sasa tuhamie Kibondo, masika, usiku wa manane. Analetwa mtoto wa miaka miwili kwa bodaboda, amepakatwa katikati ya baba na dereva. Mwili ni moto, mikono na miguu ni baridi, viganja vyeupe, mapigo mbio, pumzi za kukimbizana. Malaria imekula damu. Kwa Kigoma hilo si jambo la mbali: upimaji wa kitaifa wa mwaka 2017 uliukuta mkoa huu ukiongoza nchi, watoto wadogo karibu 24 kati ya 100 wakiwa na vimelea, wakati wastani wa taifa ulikuwa 7. Mtoto huyu ana dalili za shoki, yaani damu haizunguki mwilini inavyotakiwa, kama yule wa Kagunga. Vitabu vya nchi tajiri vilielekeza kwa miaka mingi kwamba mtoto mwenye shoki afunguliwe maji, tena mengi, tena upesi. Dripu iko palepale, imetundikwa kwenye msumari.

Afrika Mashariki ndiyo iliyothubutu kuuliza. Utafiti ulioitwa FEAST, ulioongozwa na mtafiti Kathryn Maitland akiwa Kilifi, uliwafuata watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za shoki katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwetu ulifanyika Muheza, katika Hospitali Teule. Wenye kuharisha sana hawakuingizwa, maana habari yao ilishajulikana. Zaidi ya nusu ya walioingizwa walikuwa na malaria, na karibu theluthi walikuwa wamepungukiwa damu vibaya. Matokeo yalikuja kinyume na walivyotarajia hata waliouanzisha. Katika kila watoto mia waliomiminiwa maji kwa haraka, zaidi ya kumi walikufa ndani ya saa 48. Katika mia ambao hawakumiminiwa, walikufa saba. Mapema mwaka 2011 wasimamizi wakausimamisha utafiti kabla haujafika mwisho wake, na mwaka huohuo matokeo yakachapishwa. Naamini huo ni mmoja wa michango mikubwa ambayo watoto wa huku wameutolea ulimwengu wa tiba, na haufundishwi mashuleni kwetu kama unavyostahili.

Kwa hiyo ni maji yaleyale, kwenye mfuko uleule, na msumari uleule. Mmoja ukimnyima anakufa. Mwingine ukimmiminia unamsogeza kaburini, naye anachohitaji ni damu, sindano ya atesuneti, sukari kama imeshuka, na mtu wa kumtazama kila baada ya muda mfupi. (Hiyo damu nayo ina kalenda yake. Wachangiaji wakubwa ni wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa friji ya maabara hubaki na chupa za kuhesabika, wakati mvua na mbu havina likizo.) Anayepaswa kuwatofautisha watoto hawa wawili ni daktari wa zamu au tabibu aliye peke yake, na anapaswa kufanya hivyo saa tisa usiku, kwa mwanga hafifu, baada ya kumpeleka mjamzito chumba cha upasuaji na kabla ya kijana wa pikipiki aliyevunjika mguu anayelia kwenye benchi. Elimu anayo. Alifaulu mitihani. Swali ni kama elimu hiyo itaitika ikiitwa.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walipima jambo ambalo kila mlinzi wa usiku analijua. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hutenda kazi kama aliyekunywa pombe hadi kufikia asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24, ni kama amefika 0.10, kiwango ambacho trafiki wetu humnyang'anya dereva usukani. Basi la Kigoma kwenda Dar es Salaam hubeba madereva wawili, kwa sheria, na abiria wakimwona mmoja amelala nyuma wanaridhika: wanajua usingizi wake ni usalama wao. Daktari wa wilayani amebeba abiria wengi usiku kucha, na akionekana amejiegemeza ukutani dakika kumi, watu humpiga picha kwa simu. Tumekubali kwamba dereva ana mwili. Kwa mganga bado hatujakubali.

Labda ni kosa la heshima yenyewe tunayompa. Mganga hajigangi, tunasema, na tunaisema kana kwamba ni sheria ya maumbile, kana kwamba aliyeshika dawa ametolewa katika orodha ya wanaougua. Ni methali ya kweli kwa maana moja: ndiyo maana anahitaji mwenziwe amgange. Lakini mwenziwe yuko wapi? Udaktari wa dharura kama fani yenye mabingwa wake ni mchanga nchini. Idara kamili ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili Januari 2010, mafunzo ya ubingwa yakaanza mwaka huohuo, na mabingwa wa kwanza wakahitimu 2013. Nyanda hizi za juu hazikungoja mabingwa ili ziwe na dharura. Zilipokea Warundi wa 1972, wa 1993, wa 2015, zikapokea Wakongo, zikaendelea kupokea Waha wenyewe, wenye uchungu wa siku mbili, walioungua na mafuta ya taa, walioanguka michikichini na kwenye miembe. Kazi ilifanywa na matabibu, madaktari wasaidizi, wauguzi, na daktari kijana mmoja au wawili waliotumwa kutoka mbali, na wote hao mwananchi huwaita daktari. Hata wakiwa nyumbani wanaitwa. Simu inalia mtu akiwa na tonge mkononi: daktari, mtoto anabadilika, njoo. Anakwenda. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tulioketi bado kwenye sinia hatuulizi alirudi saa ngapi.

Kuna jambo nililoliona Kibondo ambalo siwezi kulipita. Mtoto alikuwa amekufa, wamejaribu kila walichokuwa nacho. Bibi yake akamfunga kwenye kitenge cha kijani, akafunga kwa utaratibu, ncha kwa ncha, kisha akamgeukia yule daktari, kijana asiyefika miaka thelathini, akamwambia: "Pole na kazi, mwanangu." Kijana akasema: "Asante, bibi," akaenda kunawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Alipogeuka, mgonjwa mwingine alikuwa ameshalazwa kwenye kitanda kilekile, shuka halijakauka.

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Waha, kama watu wote wa pwani na bara wanaozungumza lugha hii, wanajua kukaa na msiba. Mkeka unatandikwa, jirani anakuja na maharage, mwingine na kuni, watu wanalala palepale kwa mfiwa ili asiamke usiku akajikuta peke yake. Huyu bibi atakaliwa matanga, na ni haki yake. Yule kijana hakufiwa, kwa hiyo hana mkeka. Lakini hakuwa wa mbali pia. Mikono yake ndiyo iliyokuwa kifuani mwa mtoto. Nani atakuja kukaa naye? Kwa mwaka atapitia vifo ambavyo kijiji kizima kingevigawana kwa miaka kadhaa, na atavipitia kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, bila siku ya tatu wala arobaini. Naamini sehemu kubwa ya tunachokiita ukali wa wahudumu, lile jibu la mkato dirishani, lile jicho lisilotazama, ni msiba ambao haukukaliwa. Sisemi hivyo kuutetea ukali. Anayeumizwa na jibu la mkato ni mama aliyetembea usiku kucha, naye hana kosa. Nasema hivyo kwa sababu kukaripia peke yake hakujawahi kumponya mtu, si aliyeko kitandani, si aliyesimama kando yake.

Mashirika ya kimataifa yaliyofanya kazi katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli yanalijua hili kwa upande wa watumishi wao wa kigeni. Baada ya majuma kadhaa ya kambini mtu huondolewa kwa lazima akapumzike, na akirudi anaulizwa anaendeleaje na mtu aliyesomea kuuliza. Ni utaratibu mwema. Lakini mwuguzi wa Kibondo, aliyehesabu matone katika hema lilelile, likizo yake ni zile siku 28 za mwaka, na akitoka kazini anakwenda kupalilia, kuuguza mkwe na kuchangia harusi. Mficha maradhi kifo humuumbua: methali hii huwa tunawaambia wagonjwa. Wahudumu ndio wanaoyaficha sana, kwa sababu anayesema "nimechoka, kichwa changu hakifanyi kazi" huonekana mvivu au dhaifu, na asemaye silali tangu mtoto yule afe huambiwa aombe Mungu, basi.

Na mzigo unaongezeka kwa njia ya heri. Kadiri lami ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu ilivyosogea, ndivyo majeruhi na wajawazito walivyozidi kufika wakiwa hai. Mfumo wa M-mama umeenezwa nchini tangu 2022. Familia inapiga 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa haliko karibu, dereva wa teksi aliyeandikishwa anamchukua mama. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021, uliokuja kwa ajili ya UVIKO-19, ulizijengea hospitali nyingi za nchi majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi. Yote haya nayapokea kwa shukrani, na aliyewahi kumkimbiza mgonjwa kwa machela ya miti atanielewa. Ila kila jema hapa linaishia kwenye mlango mmoja, na nyuma ya mlango ni mtu yuleyule.

Kigoma ilikwisha kulijibu zamani swali la jinsi ya kumtunza mtu huyo, na ndiyo maana najipa moyo. Kati ya 1984 na 1991, Dkt. Godfrey Mbaruku katika hospitali ya mkoa aliona akina mama wakifa kwa idadi ya kutisha: 933 katika kila vizazi hai 100,000. Hakupata fedha nyingi wala vifaa vya ajabu. Alipekua mafaili ya nyuma, akakuta hata vifo vyenyewe haviandikwi vyote, akapanga mambo 22 ya kufanya kwa kilichokuwapo. Vifo vikashuka hadi 186. Mwaka 1995 yeye na Staffan Bergström wakayachapisha, na dunia ikayasoma. Ukiipitia orodha ile unakuta yale unayoyatazamia: damu ipatikane, dawa ziwepo, kanuni za tiba na za rufaa zifuatwe, mafunzo yatolewe palepale kazini, na karakana ndogo ya kutengeneza maji ya dripu hapohapo hospitalini. Lakini unakuta pia vikao vya mara kwa mara vya kupitia yaliyotokea, ambamo kila mmoja alijua wajibu wake. Unakuta malalamiko ya wananchi yanasikilizwa. Na unakuta, katikati ya damu na dawa, jambo ambalo wapanga mipango wengi wangeliona dogo: umbali ambao watumishi muhimu wanasafiri kutoka nyumbani hadi hospitali.

Hapo ndipo huwa nasimama. Daktari huyu aliyekuwa na sababu zote za kufikiria chupa na mikasi alifikiria pia mahali anapolala mkunga, na gizani atapita wapi akiitwa. Aliiweka nyumba ya mtumishi katika orodha moja na damu, kwa sababu zote mbili humfikia mama kwa wakati au kwa kuchelewa. Na vile vikao vyake vya kupitia vifo vinanifundisha jambo jingine. Wizara inavitaka vikao vya namna hiyo hadi leo kwa vifo vya uzazi na vya watoto wachanga. Kikao kikigeuka mahakama, watu hujifunza kuficha, na elimu iliyokuwa ipatikane katika kifo kile huzikwa pamoja na maiti. Kikiendeshwa kwa nia ya kujifunza, kinafanya kazi mbili kwa mpigo: kinaongeza ujuzi, na kinampa yule kijana wa Kibondo watu wa kukaa nao. Kwa upande wake, hicho ndicho kinachokaribia mkeka.

Sidhani basi kama ujuzi wa tiba ni sura moja na afya ya mganga ni sura nyingine ya mwishoni, ya kusomwa muda ukibaki. Tofauti kati ya mtoto wa Kagunga na mtoto wa Kibondo inaonwa na jicho lililolala. Kipimo cha matone kinashikwa na mkono uliokula. Mwongozo unaweza kuchapishwa Geneva au Dodoma na kubandikwa ukutani kwa utepe, lakini hausomeki na mtu aliyeishiwa nguvu.

Ombi langu liende kwa wenye dhamana katika halmashauri za Kibondo, Kasulu, Kakonko na Buhigwe, na kwa madiwani wanaopitisha bajeti. Majengo ya dharura mnayaona. Jengeni na nyumba za watumishi jirani nayo. Zamu ya usiku iwe na watu wawili wenye uwezo wa kuamua, chai na chakula cha moto, na chumba chenye kitanda. Daktari aliyefiwa na mgonjwa apewe saa moja na mwenzake kabla ya kitanda kinachofuata, pale hali inaporuhusu, na kikao cha vifo kiongozwe na mtu anayejua kusikiliza. Hakuna hata moja hapo linalohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Orodha ya mambo 22 iliandikwa katika mkoa wenu wenyewe na imechapishwa tangu 1995. Isomeni, mkaanze na lile la nyumba.